Tuliporuka Ukuta

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Baridi ya kuuma masikio, koti juu ya koti. Sikuimba. Mama Winfrida, mke wangu, alinikanyaga mguu wakati wa wimbo wa matoleo ili nifungue mdomo. Nikaufungua, sauti haikutoka.

Jana timu yetu ya Radi tumefungwa mbili kwa moja. Kwetu hapa hapa Songea, mbele ya watu wetu. Tulihitaji sare tu ili tupande daraja. Sare! Wale wa Tunduru wamekuja na basi moja na ngoma mbili, wameondoka na daraja letu.

Na magoli yenyewe. La kwanza shuti la mtoto, mpira unatambaa, Osmund kipa wetu anaugusa kwa mkono wa kulia na unapita kama hakuna mtu. La pili krosi imemfikia kifuani, akaitema. Akaitema miguuni mwa adui. Misimu mitatu huyu kijana anadaka mipira mikali kuliko hiyo huku anacheka.

Sisi tulifanya kila kitu. Kamati ya ufundi ilimaliza kazi yake, yaani mimi, mwenyekiti Mzee Alanus, mweka hazina, na mganga wetu kwa njia ya simu. Aliagiza timu isipite getini kwa sababu wageni walishapita na mambo yao. Tukairusha timu ukuta wa nyuma. Wa kwanza kuruka awe kipa, ndivyo alivyosema, na ndivyo tulivyofanya. Lakini dawa haiwezi kumshinda mtu aliyeuza mechi.

Ndiyo, kauza. Nilisema jana hiyo hiyo, kabla sijatoka uwanjani. Nikarekodi sauti kwenye kundi la simu la tawi letu la mashabiki: "Wana Radi, huyu kijana kauza mechi. Nasema mimi Katibu. Kauza." Sekunde tisa. Nilijisikia vizuri baada ya hapo, kama mtu aliyetapika.

Jumatatu, 9 Juni

Sare za shule. Kola nyeupe kumi na sita, moja nimeiweka kichwa chini. Nimefumua.

Saidi wa korosho kapita kibandani asubuhi na mapema. Kwao Tunduru, na hajawahi kuficha. "Alhamdulillah, fundi, umeamkaje? Asiyekubali kushindwa si mshindani." Kaniachia kikaratasi cha korosho, eti rambirambi. Nilitaka kukikataa. Nimekula zote kabla ya saa nne.

Sauti yangu imenirudia. Mtu nisiyemjua, namba ya Tunduru, kanitumia akiuliza kama ni kweli. Imeshafika Mbinga pia. Niseme ukweli maana hapa hakuna anayesoma: nimefurahi kidogo. Miaka kumi na moja ukatibu, hakuna tangazo langu lililowahi kuvuka mto.

Kuna aliyeandika kwenye kundi kwamba kaona bati mpya zimeegeshwa kwa Osmund. Bati za nini kwa fundi mwashi ambaye nyumba yake ina bati tayari? Watu wameweka vile vikatuni vya kucheka. Mimi nimeweka kidole gumba.

Jumanne, 10 Juni

Osmund katolewa kwenye kundi. Hakusema neno kabla ya kutolewa, na hilo nalo limehesabiwa kuwa ushahidi.

Bado tuna nafasi moja. Mechi ya mchujo, Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, tena hapa hapa. Tukishinda tunapanda kwa mlango wa nyuma. Mzee Alanus anataka jambo la kipa limalizwe mapema ili timu itulie. Mkutano wa tawi Jumapili, Osmund asomewe barua ya kufukuzwa. Barua nitaandika mimi.

Jumatano, 11 Juni

Mama Winfrida haongei na mimi. Chakula kipo, maji ya kuoga yapo, maneno hakuna. Mwishowe kasema akiwa amenipa mgongo. Jana mashineni, Kandida mke wa Osmund alipeleka mahindi kusaga, akawekwa wa mwisho mara tatu. Kila akisogeza ndoo yake, mwingine anapita mbele. Hakuna aliyemtukana. Walimpita tu, mpaka jua likazama.

"Wewe ulimwona akipokea?"

Nikasema mpira una macho yake, wanawake hawawezi kuelewa.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema, na akaenda kulala. Saa mbili usiku!

Barua nimeianza. "Kutokana na mwenendo wako." Nimeishia hapo.

Alhamisi, 12 Juni

Leo sina budi kuandika kirefu.

Mzee Alanus aliniagiza nikachukue jezi na glavu za timu kwa Osmund, kipa mpya apimwe. Nikaenda baada ya chai. Anakaa upande wa Mjimwema, nyumba aliyoijenga mwenyewe, plasta laini kama mkeka mpya. Kwenye ukuta wa mbele mtu kaandika MUUZAJI kwa mkaa. Herufi kubwa, zimepinda. Nikajifanya sizioni.

Bati zipo kweli, zimefunikwa turubai. Pembeni ya turubai kuna rangi, maandishi ya kigango cha Maposeni. Anawapaulia kanisa. Wamezihifadhi kwake zisiibiwe. Nilisimama pale nikisoma hayo maandishi muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kandida alitoka na jezi imefuliwa, imekunjwa. "Shikamoo baba." Hakunikaribisha kiti. Nikaulizia glavu. Akaita ndani, na Osmund akatoka nazo mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa hogo la plasta ya hospitali. Jeupe, kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Nikauliza ni lini. Nilifikiri labda watu wamempiga. Mungu anisamehe, nilitumaini wamempiga.

"Jumamosi, Katibu. Pale ukutani."

Alitua vibaya, akaangukia kiganja. Akasikia kitu kimelia ndani. Akafikiri kimeteguka, akakifunga kitambaa, akavaa glavu juu yake. Hospitali wameona mfupa umepasuka, na kuudakia mpira kumeufanya uwe mbaya zaidi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kama mtu anayetafuta kujua kama namtania.

"Si mlisema tusiseme? Atakayetaja ukuta anaharibu dawa ya msimu mzima. Wewe ndiye ulitusomea masharti."

Ni kweli. Nilisoma kwenye simu, kwa sauti ya kutangaza matanga.

Na kuna jingine ambalo hakulisema, sijui kama anajua. Nilikabidhiwa kazi ya kuleta ngazi mbili. Moja ya kupandia nje, moja ya kushukia ndani. Zote zilikuwa kwangu, nilizitumia kupandisha mahindi darini. Ngazi mbili hazikai kwenye bodaboda moja, na kurudi mara ya pili niliona uvivu. Nikaleta moja. Nikawaambia vijana, "Rukeni, nyie si wachezaji?" Osmund alipoanguka nilicheka. Wote tulicheka. Aliamka akajipangusa vumbi, na sisi tukaendelea na wa pili.

Nimerudi na glavu kwenye mfuko wa rambo. Sijampelekea mwenyekiti. Sijashona chochote.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Alanus buchani. Nikasubiri wateja waishe, nikamweleza yote, hadi ngazi.

Aliendelea kukata mbavu. Akasema anajua. Aliona kipa akishika mkono wakati wa kupasha misuli. Akasema ukuta ukitajwa hadharani, viongozi wa mpira wa mkoa watasikia, na kuruka ukuta ni kosa. Mchujo tunaweza kunyimwa. Watu elfu wanaitaka ile mechi. "Kipa ni mmoja. Atapona, watu watasahau. Timu ikifa haifufuki, Katibu."

Kisha akanifungia nusu kilo ya nyama bila kuniuliza. Nikaipokea. Nimeila. Mama Winfrida hakuigusa, ingawa sikumwambia ilikotoka.

Nimefikiri mchana kutwa. Mzee Alanus si mtu mbaya. Radi ameilisha miaka mingi kuliko alivyowalisha wanawe. Na hoja yake naielewa kabisa, hilo ndilo linanitisha. Ningekuwa mimi nakata mbavu, ningesema hivyo hivyo.

Naogopa. Si kwa ajili ya timu tu. Mimi ni mwenyekiti msaidizi wa jumuiya yetu ya kanisa, nasoma somo kanisani. Nikisema ukuta nasema na mganga. Padre atasikia. Wateja watasikia. Nitaitwaje?

Osmund ameitwa muuzaji siku sita sasa, na hakufungua mdomo. Kwa ajili ya sharti nililomsomea mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Jumuiya ya alfajiri. Wiki hii ilikuwa zamu ya nyumba ya Osmund. Nilikuwa nimesahau. Mama Winfrida hakusahau.

Kandida alikuwa amefagia uwanja, umetoka na mistari ya ufagio. Ametandika mikeka minne, ameazima mabenchi mawili. Meza ina kitambaa cheupe na mshumaa. Jumuiya yetu ina kaya ishirini na mbili. Tulikuja watu watano, na wawili ni mimi na mke wangu.

Tukasubiri. Mtu husubiri hivyo kwenye msiba, akitazama njia. Kuna waliopita barabarani na vitenge vyao vya jumuiya, wakaenda moja kwa moja. Kandida akaenda kuweka maji zaidi kwenye sufuria ya chai, ingawa iliyokuwepo ingetutosha mara tatu.

Tulisali. Somo nilisoma mimi. Sikumbuki lilisema nini.

Wakati wa kupeana amani Osmund akanijia. Alinyoosha mkono wa kushoto. Akainamisha kichwa. "Samahani mzee, nakupa wa kushoto."

Mtu mzima anaomba radhi kwangu kwa mkono niliomvunja mimi.

Niliushika. Hata pale, mbele ya watu watano na mshumaa, sikusema kitu. Nimekunywa chai vikombe viwili na nikaondoka.

Nimejichukia leo. Naliandika lilivyo.

Jumapili, 15 Juni

Mkutano ulikuwa baada ya misa ya pili, kwenye banda la tawi. Watu walijaa hadi nje, wengine juu ya pikipiki zao. Skafu za zambarau kila mahali. Osmund hakuja, hakuwa ameitwa. Wa kufukuzwa haitwi.

Mzee Alanus alifungua. Akanipa nafasi nisome barua.

Barua nilikuwa nayo. Niliimaliza jana jioni, nilitaka niwe nayo endapo nitashindwa. Nilisimama. Nikaanza kwa kusalimia, nikasalimia mara mbili. Kisha nikasema kipa hakuuza. Nikasema alivunjika mkono ukutani kabla ya mechi, na akadaka hivyo hivyo dakika tisini. Nikasema nilitakiwa kuleta ngazi mbili nikaleta moja kwa uvivu. Nikasema bati ni za kanisa. Nikasema aliyeanzisha neno ni mimi, na nililianzisha bila kuona kitu chochote.

Nilitegemea kelele. Kwanza mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wote wakaanza kupayuka kwa pamoja. Kuna aliyesema nimetumwa na Tunduru. Kuna aliyesema sasa dawa imevunjika rasmi na mchujo tumeshafungwa. Muuza nyanya mmoja wa Bombambili, mama mtu mzima ambaye hakosi mechi, alisimama akasema: "Kwa hiyo tumemsimamisha Kandida mashineni kwa sababu ya uvivu wako?"

Mzee Alanus hakunitazama. Alisema jina la Osmund lisafishwe na kwamba tawi linahitaji katibu mwingine. Mikono ikapanda. Ilipanda haraka sana. Miaka kumi na moja ikaisha kabla sijakaa chini.

Nikarekodi sauti nyingine pale pale. "Wana Radi, nilikosea. Osmund hakuuza mechi. Alicheza amevunjika mkono. Kosa ni langu." Muhuri na daftari nimekabidhi.

Mama Winfrida kanipikia ugali na majani ya maboga. Kaniongelesha. Kaniambia kola ya shati langu imechakaa, fundi gani mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Ile sauti ya kwanza ilifika Tunduru kabla jua halijazama. Ya pili nimemuuliza Saidi. Hajaisikia. Nimemchezea kwenye simu yangu. Akasema, "Subhanallah, kijana wa watu." Akaniahidi ataituma kwao. Hakunitania leo. Ningependa angenitania.

Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata. Hawakutoa sababu. Padre hajasema kitu. Viongozi wa mpira wameandika onyo tu, mchujo upo palepale. Kumbe Mzee Alanus aliogopa bure, na mimi pia.

Jumatano, 18 Juni

Tumekwenda kwa Osmund, mimi na mke wangu, na kuku. Wazo la kuku lilikuwa la Mama Winfrida. Mimi nilifikiri maneno yatatosha.

Wamepaka chokaa juu ya maandishi ya mkaa, lakini ukikaa pembeni unayasoma.

Niliongea. Nilisema yote kwa mpangilio, nikaomba msamaha kwake na kwa Kandida. Kandida alipokea kuku kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaenda kumfunga jikoni, akakaa huko huko. Osmund alisikiliza akitazama vidole vyake vilivyotokeza kwenye hogo.

"Nimesikia, Katibu."

Nikamwambia mimi si Katibu tena. Akasema amesikia na hilo.

Akasema mpira usitajwe katika nyumba hii kwa sasa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. Wiki sita za hogo, halafu ndiyo wataona kama mkono utashika mwiko wa kazi sawasawa. Kudaka hakukutaja.

Nilitaka aseme amenisamehe. Nilikwenda kwa ajili ya hilo, sasa naona. Hakusema, na sikuwa na haki ya kumdai.

Mama Winfrida ndiye aliyeuliza mahindi ya mama yake Osmund kule Maposeni nani anavunja mwaka huu. Kila mwaka huvunja Osmund mwenyewe.

Nikasema nitakwenda Jumamosi. Ikanitoka kabla sijakumbuka Jumamosi ni tarehe ngapi.

Jumamosi, 21 Juni

Maposeni. Nimeondoka alfajiri na Mama Winfrida, tumefika jua linachomoza. Mama yake Osmund bibi mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipa mistari yangu bila kuniuliza mimi ni nani. Anajua.

Kazi ya kuvunja mahindi nilikuwa nimeisahau. Majani makavu yanakata mikono, vumbi linaingia shingoni. Baridi iliisha saa tatu, nikavua makoti yote. Osmund alikuwa anafuata nyuma yetu na kikapu begani, akiokota yaliyodondoka kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyeongea sana. Mama Winfrida na bibi walikuwa wanasemezana Kingoni mbele huko na kucheka, nadhani wananicheka mimi.

Mechi saa kumi jioni. Mara ya kwanza sipo uwanjani tangu binti yetu Winfrida azaliwe. Nililifikiria kila mstari, sitadanganya. Saa nane tukakaa kwenye kivuli cha rundo la mahindi kula. Mihogo na chai. Nikatoa simu kuangalia saa, nikairudisha mfukoni haraka. Osmund aliniona.

Akatafuna muda mrefu. Kisha akasema akitazama shamba:

"Yule kipa mpya una namba yake?"

Nikasema ninayo.

"Mwambie kipindi cha pili, goli la upande wa barabara, jua linampiga machoni kuanzia dakika kama ya sitini. Asikae mstarini. Asogee hatua mbili mbele na moja kushoto, kivuli cha jukwaa kitamfikia. Na krosi za upande ule asidake, apige ngumi."

Nilipiga simu. Kijana alikuwa kwenye kelele, nikarudia mara mbili. Akauliza nani kasema. Nikamtajia. Akasema asante, mwambie nimeelewa, mwambie nitasimama hapo hapo.

Nikamwambia Osmund kaelewa. Akaitikia kwa kichwa. Akamalizia chai yake, akaweka kikombe, akajitwisha kikapu.

Ilikuwa imebaki mistari minne. Tukanyanyuka.